Kanga ya Pande Tatu

Ukitaka kumjua fundi wa kanga, usimtazame anaposhona. Mtazame anapokata. Kanga hutoka kiwandani pande mbili zimeshikana, ndiyo doti hiyo, na anayeinunua humpelekea fundi amkatie katikati na kumpindia ncha. Kazi yenyewe ukiiangalia kwa mbali ni ndogo, kila mtu atasema naiweza. Haya, mpe mkasi uone! Atakula pindo la upande huu, upande wa pili ataubakishia mkia, na mwenye kanga atamsimamia kichwani, mikono kiunoni, mpaka watu wa duka la jirani watoke nje kuuliza kulikoni.

Bi Kuruthumu hapimi. Anakunja upande juu ya upande, pindo juu ya pindo, anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mkunjo, kisha mkasi unaufuata ukucha mpaka mwisho. Miaka thelathini na mbili amekaa na cherehani yake kwenye baraza ile ile, mbele ya duka la jumla la Bwana Abdulkadiri, kwenye mtaa mmoja wa Kariakoo ambao ukisita kidogo tu njiani umeshasukumwa na mkokoteni. Mjane, mzaliwa wa Msimbazi, mama wa mtoto mmoja.

Na ana mdomo. Hilo bora tuliseme mapema. Mteja akimhimiza, "Mama, fanya chapchap, bajaji inaningoja," atajibiwa, "Basi mpe huyo wa bajaji akupindie." Watu wanacheka, wanakaa kungoja. Wako wanaokuja kwa ajili ya kazi yake, na wako wanaokuja kusikia leo nani kaambiwa nini. Mwenyewe anajua kwamba wanampendea mdomo, na mtu akishapendewa kitu, jamani, kukiacha ni kazi.

Sasa kuna kisa kimoja cha miaka kumi na moja nyuma, lazima nikitangulize. Siku hiyo lilishushwa robota la kanga dukani, likafunguliwa, wakaanza kuhesabu. Doti moja ikaonekana nzito. Kuikunjua, pande tatu! Zimeshikana zote, rangi ya zambarau, pindo la korosho. Iliyofuata chini yake kuikunjua, upande mmoja tu, mpweke. Bwana Abdulkadiri, ambaye hasira zake hazikai mbali, akamrukia mchukuzi aliyelileta robota, kwamba amelichezea njiani. Mchukuzi wa watu, mtu wa Masasi, jasho linamtoka, anaapa kwa kila anachokijua.

"Usimwonee mtu, Bwana Abdulkadiri," alisema Kuruthumu bila kuinuka. "Hebu leta hizo mbili hapa."

Akazitandaza barazani. "Hii ina pande tatu, hii ina mmoja. Jumla nne, doti mbili zako hizo, hakuna kilichoibwa. Kanga huko kiwandani inakuja ndefu kama barabara, mashine inakata kila baada ya pande mbili. Hapa kisu kimeruka. Kikaja kukata upande mmoja mbele. Mchukuzi hana kosa, mwenye mashine hana kosa. Kisu kimeruka tu."

Mchukuzi alitaka kumbusu mkono. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukalichukua neno. Chai ikimwagika, kisu kimeruka. Umeme ukikatika, kisu kimeruka. Ule upande mmoja uliishia kufutia vioo vya duka mpaka ukalika. Ile ya pande tatu Bwana Abdulkadiri alimtupia fundi wake, "Chukua, nani atanunua hii?" Angeweza kuikata, akapata doti na upande wa ziada. Mara mbili aliikunja, mara mbili akaikunjua. Mwisho akaitia ndani ya sanduku lake, chini kabisa, na mwenyewe hajui kwa nini.

Basi. Mtoto wake huyo mmoja ni Twaha, karani kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mpole kama marehemu baba yake, mtu ambaye ukimkanyaga anakuomba yeye radhi. Twaha alimuoa Husna, mwalimu wa chekechea, binti wa watu wa Lindi waliohamia Buguruni. Wakaishi vyumba viwili vya nyuma kwenye nyumba ya Bi Kuruthumu, na kusema kweli mkwe na mkwe walipatana. Husna alikuwa anajua kumjibu. Akiambiwa wali umeungua, anasema, "Mama, hilo ndilo tandu, ukoko wenyewe huo, wenzio wanaligombania." Bi Kuruthumu alipenda mtu anayejua kumjibu.

Mwezi wa Ramadhani Husna akajifungua mtoto wa kike, akaitwa Swaumu. Mkunga alimwangalia mtoto kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Macho yake yaliinuka kwenye pembe, shingo ilikuwa legevu kupita ya watoto wengine, na kwenye kiganja mlikuwa na mstari mmoja tu uliokata kutoka huku hadi huku. Akawaambia wazazi, kwa upole, wampeleke kwa daktari wa watoto akapimwe. Maneno ya wodini hayana mlango. Kabla mtoto hajatimiza wiki mbili, Msimbazi yote ilikuwa na lake la kusema: Husna alimcheka kilema akiwa mjamzito; hapana, alitoka nje magharibi bila kujifunika; hapana, ni mambo ya Lindi huko.

Ikaja arobaini. Kwa akina Kuruthumu, siku hiyo bibi mzaa baba ndiye anayemtoa mtoto uani. Huja na kanga mpya aliyoikata na kuipinda kwa mkono wake, upande mmoja akamfunga nao mtoto mgongoni, upande wa pili akampa mama yake mtoto ajifunge. Anazunguka ua mara moja, wanawake wanapiga vigelegele, na hapo mtoto keshakuwa wa nyumba ile. Yeye Kuruthumu alizungushwa hivyo, na Twaha alizungushwa hivyo.

Wanawake walijaa uani. Husna alitoka na mtoto, amepaka hina, anatabasamu kwa woga. Bi Kuruthumu alikuwa ameshaishika kanga mkononi. Akamtazama mtoto. Akasikia nyuma yake mtu ananong'ona, mwingine anajibu "mh!" Na badala ya kuikunjua kanga, akaikunja tena, upande juu ya upande.

"Kwetu hakuna watoto wa hivi," alisema. "Huyu kaja na damu ya kwao."

Hakuna aliyecheka. Ndiyo mara ya kwanza mdomo wake ulisema kitu uani pale watu wasicheke. Husna alisimama kidogo, kama mtu anayengoja aambiwe ni utani. Halafu akageuka, akaingia ndani, na kabla pilau halijapakuliwa alikuwa kwenye bajaji na mama yake, Bi Zulekha, wanarudi Buguruni. Twaha alimtazama mama yake, asiseme neno. Aliendelea kulala kwake Msimbazi, kila Jumapili anakwenda kwa wakwe na mfuko wa nepi, anarudi jioni. Kitu kimoja alikibadilisha: aliacha kula chakula cha nyumbani. Anakula hotelini, anaingia, "Shikamoo mama," analala.

Na Kuruthumu je, alijuta? Alijuta usiku ule ule. Lakini kujuta ni jambo moja, na kuinuka kwenda Buguruni ukasema nimekosa ni jambo jingine kabisa. Kila asubuhi alijiambia kesho. Miezi ikaenda, akawa na mjukuu asiyewahi kumshika, na alijua wazi kwamba akizidi kuchelewa hatamshika tena, kwa sababu mtoto ataanza kujua nyuso na uso wake yeye hautakuwamo.

Swaumu alipokaribia miezi sita, Twaha alipiga simu akiwa Tunduma.

"Mama, majibu ya damu ya mtoto yametoka. Daktari anataka tuwe wawili kesho, na mimi mzigo wangu umekwama hapa mpakani. Nenda wewe na Husna."

"Mimi? Husna anajua?"

"Nimemwambia. Kasema aje."

"Kasema aje vipi? Kwa sauti gani?"

"Mama. Nenda."

Alikwenda. Alimkuta Husna kwenye benchi la hospitali, mtoto amelala begani, mkono mmoja wa mama umeishika ile shingo isianguke. "Shikamoo," Husna alisema, akitazama ukuta. "Marahaba," Kuruthumu alijibu. Wakakaa, katikati yao nafasi ya mtu mmoja, mpaka walipoitwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Daktari Agnesi, mwenye sauti ya taratibu. Alimwamkia Bi Kuruthumu, akamchezesha mtoto vidole, ndipo akaweka mezani karatasi moja. Juu yake palikuwa na picha ya vijiti vidogo vyenye mistari mistari, vimepangwa viwili viwili, kila viwili na namba yake chini.

"Miili yetu," alisema, "imejengwa kwa chembe ndogo sana, seli. Ndani ya kila seli mna nyuzi hizi mnazoziona, zinaitwa kromosomu. Humo ndimo yalimoandikwa yote: rangi, urefu, pua ya nani. Mtu ana arobaini na sita. Lakini hazikai ovyo, zimekaa jozi. Jozi ishirini na tatu."

Bi Kuruthumu alisogeza kiti. Vitu viwili viwili vinavyofanana, vyenye mistari! "Doti," alisema.

Daktari akacheka. "Naam mama, doti ishirini na tatu. Na katika kila doti, upande mmoja umetoka kwa mama, mmoja kwa baba."

"Zote mbili hazitoki kwa mtu mmoja?"

"Haziwezi. Fikiria mama alete zote arobaini na sita, na baba alete arobaini na sita. Mtoto atakuwa na tisini na mbili. Mtoto wake naye atazidisha mara mbili, na mjukuu mara mbili tena."

"Nyumba itajaa kanga, mtu akose pa kulala."

"Hasa. Kwa hiyo mwili ukitengeneza yai, unazitenganisha doti zote. Yai linabeba upande mmoja mmoja, ishirini na tatu. Mbegu ya baba hivyo hivyo, ishirini na tatu. Zikikutana, doti zinakamilika upya. Na katika kila doti uende upande upi, ule uliotoka kwa bibi au ule wa babu, hakuna anayepanga. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mkimya, huyu..."

Daktari alikuwa bado anasema, lakini jicho la Bi Kuruthumu lilikuwa limeshamtangulia. Miaka thelathini na mbili ya kuhesabu pande haikuwa ya bure. Alipita namba moja, mbili, tatu, mstari wa juu, mstari wa kati, mstari wa chini. Ishirini: mbili. Ishirini na mbili: mbili. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya karatasi, kwenye ishirini na moja. Hapo vilisimama vijiti vitatu.

"Hapa," alisema polepole, "kisu kimeruka."

Hata kabla daktari hajajibu, Husna aligeuka. Ndiyo mara ya kwanza siku ile kumtazama.

"Leo ni kisu," alisema. "Siku ya arobaini ilikuwa damu ya kwetu."

Uso wa Bi Kuruthumu ukawaka moto. Daktari Agnesi aliwatazama wote wawili, akajua pana jambo, akaendelea na kazi yake.

"Mama amesema sawa. Zilipokuwa zinatenganishwa, jozi hii haikutengana. Yai au mbegu ikaja na zote mbili, mwenzake akaleta yake moja, zikawa tatu. Swaumu ana arobaini na saba. Watoto wa namna hii tunasema wana hali ya Down. Haikuletwa na kitu alichokula mama, wala alichokitazama, wala alichokisema. Si laana. Mara nyingi hutokea upande wa yai, mara chache upande wa mbegu ya baba. Kwa Swaumu ilikuwa upi, karatasi hii haisemi. Huzidi mama akiwa na umri mkubwa, lakini hata mama vijana huwapata. Na angalieni, hii ya tatu imekaa peke yake, haikujishikiza kwa nyingine. Kwa hiyo siyo ile aina adimu inayotembea kwenye ukoo. Si ya kwao, si ya kwenu."

Mtoto alipiga chafya, Husna akamfuta pua kwa ncha ya mtandio. Bi Kuruthumu bado ukucha wake ulikuwa kwenye karatasi. Mtu mwingine angeridhika hapo, akakunja majibu, akaaga. Lakini yeye ni fundi, na hesabu ilikuwa haijamkaa sawa.

"Daktari, samahani. Penye pande tatu lazima pana mahali pana mmoja. Mimi nimeiona kwa macho yangu. Yule aliyekosa upande wake, anakwenda wapi?"

Daktari Agnesi akaweka kalamu chini. "Ni kweli. Yai jingine hukosa. Na likitunga mimba, kwa kawaida mimba hiyo haifiki mbali. Hata zilizozidi, nyingi hazifiki. Mimba nyingi zinazotoka mapema, mwezi wa pili, wa tatu, sababu yake ndiyo hii, hesabu haikukaa. Watu majumbani hulaumiana bure."

"Mimi zilitoka mbili," alisema Bi Kuruthumu. "Kabla ya Twaha."

Hakuwahi kulisema hilo mbele ya Husna. Hakuwahi kulisema mbele ya mtu yeyote, tangu marehemu mumewe.

"Pole mama. Huenda ndiyo hiyo. Leo hakuna anayeweza kujua."

Alikuwa na miaka ishirini wakati ule, mgeni kwenye nyumba ile ile anayokaa sasa. Mama mkwe wake alikuwa anachambua mchele uani na wanawake wenzake, naye anapita na ndoo. "Huyu tumbo lake gunia lililotoboka," mama mkwe alisema, na wanawake wakacheka, kwa sababu na yeye alikuwa na mdomo. Kuruthumu aliingia bafuni, akalia amejifunga kanga mdomoni asisikike. Akaapa humo humo kwamba Mungu akimpa mtoto wa kiume, mke wa mtoto huyo hatalisikia neno kama lile. Ua ule ule, jamani! Hata ukuta haujabadilishwa rangi.

Daktari aliendelea na mengine: moyo wa mtoto umepimwa, uko salama, awe anafanyishwa mazoezi ya viungo, atachelewa kukaa, atachelewa kutembea na kusema, lakini atakaa, atatembea, na shule atakwenda. "Na mkimbeba, shingo ishikwe vizuri. Kanga fupi haimtoshi, inamwangusha kichwa." Bi Kuruthumu alisikia kila neno. Nje kwenye korido alifungua mdomo mara mbili. Husna alisimama akamngojea, kweli alimngojea, pengine dakika nzima. Halafu akasema, "Haya, kwaheri," akaondoka na mtoto wake.

Kesho yake, barazani, ikatokea ambayo haikuwahi kutokea. Alikunja doti ya mteja, akapitisha ukucha, akakata, na mkasi ukapita katikati ya mji wa kanga, kwenye maua yenyewe. Mwenye kanga akapiga ukelele. Bwana Abdulkadiri akatoka mbio, akamtafutia mteja nyingine kama ile, kisha akarudi akasimama mbele ya cherehani.

"Mama Twaha, unaumwa?"

"Siumwi."

"Miaka yote hii hujakata mji. Kisu kimeruka?"

"Hapana," alisema Bi Kuruthumu. "Hiki sasa ni mimi mwenyewe. Hapa nina kosa." Machozi yakaanza kumtoka, hapo hapo barazani, mbele ya wateja na wachukuzi, na hakuyafuta. Bwana Abdulkadiri akavuta kifuniko cha cherehani akaifunika yeye mwenyewe. "Nenda," alisema. "Kokote unakotakiwa kwenda, nenda."

Hakwenda siku ile, na hii niitaje kwa heshima yake, kwa sababu safari hii haikuwa woga. Alingoja Alhamisi. Alhamisi alasiri wanawake huwa wanakusanyika kwa Bi Zulekha kwa kisomo, na nusu yao walikuwapo siku ya arobaini. Neno ulilolitoa mbele ya watu huwezi kwenda kulirudisha chumbani.

Alifika wakati wanamaliza kahawa. Walikuwa wamekaa uani. Bi Zulekha, mwanamke mnene mwenye subira, aliinuka nusu.

"Karibu, mzazi mwenzangu."

"Starehe. Ahsante, sitakaa. Nikikaa nitaanza maskhara." Alisimama na kifurushi chake kifuani. Husna alikuwa mkekani kwenye kona, mtoto mapajani. Bi Kuruthumu aliwageukia wote.

"Mlikuwapo kwangu siku ya arobaini. Mlinisikia nikisema kwetu hakuna. Nilisema uongo. Mimba zangu mbili za kwanza zilitoka, na mama mkwe wangu akaniita gunia lililotoboka, uani, watu wakacheka. Daktari kasema kinachozitoa mimba nyingi ni kile kile kilichomfanya Swaumu awe alivyo. Kwa hiyo kwetu huenda kulikuwa nacho. Tofauti ni kwamba wangu hawakufika, na huyu kafika." Akakishika kifurushi vizuri. "Na hata kama kusingekuwa na daktari, lile neno lilikuwa baya. Niliujua uchungu wake, nikamwonjesha mtoto wa mwenzangu. Husna, nimekukosea. Nimemkosea na mtoto. Sina la kuongeza."

Mtu mmoja alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo. Husna hakuinua kichwa.

"Mwambie Twaha," alisema, "kama anatutaka, aje atuchukue yeye mwenyewe. Na aje na mdomo. Nimechoka na mume wa kuleta nepi."

"Nitamwambia. Nitamwambia hivyo hivyo."

"Na wewe umekuja na nini hapo?"

Bi Kuruthumu akafungua kifurushi. Zambarau, pindo la korosho, na ilipokunjuliwa iliendelea kukunjuka, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka ikaufunika mkeka na miguu ya wanawake wawili. "Yallah!" alisema Bi Zulekha. "Hii kanga au shuka la msikiti?"

"Ilitoka hivi kiwandani. Nimekaa nayo miaka kumi na moja, mkasi haujaigusa. Ncha zake mbili tu ndizo nimepinda jana." Akamsogezea Husna ncha moja. "Daktari alisema fupi haimtoshi."

Husna aliishika ile kanga, akaivuta kati ya vidole, akaangalia upindo, mishono yake midogo iliyosimama sawa. Watu wote wakawa wanamtazama, na yeye hakuharakisha. Kisha akainuka na mtoto.

"Inama," alisema.

Bi Kuruthumu akainama. Alihisi uzito ukitua mgongoni, mdogo, wa joto, umelegea kuliko alivyokumbuka watoto. Husna akapitisha kanga chini ya makalio ya mtoto, akaileta mbele, akairudisha nyuma juu ya mabega, mara ya pili ikapita shingoni na nyuma ya kichwa, ikaja tena mbele, na bado ikabaki ncha ya kufungia. Upande ule wa ziada ndio uliokishika kichwa. Kikakaa sawa, shavu limelala kati ya mabega ya bibi yake.

"Zunguka," alisema Bi Zulekha. "Si ndivyo mnavyofanya kwenu?"

Akazunguka. Ua wa Buguruni ni mdogo, una karo, una baiskeli, una kuku. Alipita polepole, mkono mmoja nyuma. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa bibi mmoja mzee karibu na mlango, na wengine wakamfuata. Alipofika nusu ya ua akahisi joto jingine, la maji, linamteremka mgongoni, linaingia kwenye gauni lake jipya la kutokea. Husna aliona kanga inalowa.

"Mama, anakukojolea. Nimpokee?"

"Mwache," alisema Bi Kuruthumu, na hakusimama. "Wa kwetu huyo."